Chupa Mbili za Bosi

Bosi alikuwa na umri wa miezi minne, na leo ilikuwa siku ya nne tangu agome kula. Kila chupa ilipomkaribia alikaza midomo, akageuza shingo, akaangua kilio cha kuwaamsha wapangaji wote wa nyumba ile yenye vyumba vinane na bomba moja. Mama yake alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, sare ya kazi mwilini, kitambaa cha kichwa kimemlegea, jasho linamtoka.

"Kunywa, baba. Kidogo tu, mama aende kazini."

Baba huyo wa miezi minne hakutaka. Jina la Bosi alipewa wiki aliyozaliwa, kwa kuwa alikuwa hafanyi kazi yoyote na watu wazima wawili walikuwa wanamkimbilia akikohoa tu. Siku hizo walicheka. Sasa mashavu yalikuwa yamepungua na macho yamekuwa makubwa.

Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Alikuwa mama wa mume, na alikuwa amekuja kwa mwito wao wenyewe, ili mkamwana arudi kazini likizo ya uzazi ilipokwisha.

"Nikusaidie, mwanangu?"

"Hapana, mama. Maziwa nimeshayapasha, yako sawa."

"Nijaribu mimi tu, pengine..."

"Nimesema yako sawa."

Bibi akabaki pale pale mlangoni. Hakuwa na ruhusa ya kugusa ile chupa. Pale nyumbani palikuwa na chupa mbili: yenye kifuniko cha buluu, ya mama, ambayo ilipashwa moto asubuhi na jioni, na yenye kifuniko cheupe, ya bibi, ambayo haikupashwa kamwe. Kila mwanamke alikuwa na chupa yake, kama mafundi wawili wasioaminiana kuazimana nyundo. Mtoto mmoja, sufuria moja, jiko moja la gesi, na mahakama mbili.

*

Kesi yenyewe ilianza mama aliporudi kazini. Maziwa ya kifuani yalikuwa yamekauka mapema, hivyo mtoto alikuwa ameanza kopo wiki ile ile. Jioni moja mama alirudi akamkuta bibi anamnyonyesha mtoto chupa. Akaishika. Ilikuwa haina joto hata la kusingizia.

"Mama! Unampa maziwa ya baridi?"

"Si ya baridi. Ni ya kawaida tu. Maji niliyachemsha yakatokota, yakapoa, ndipo nikakoroga."

"Mtoto mdogo hivi hapewi maziwa yasiyo na joto. Tumbo litamsokota."

"Tumbo linasokotwa na uchafu, mwanangu, si na kupoa. Akizoea haya hatusumbuki. Siku gesi ikituishia atakunywa, siku tuko safarini atakunywa. Ukimzoesha moto umejifunga kamba mwenyewe. Kule wodini tulikuwa..."

"Mama, kule wodini ulikuwa unadeki."

Maji yakimwagika hayazoleki. Bibi alimtazama mkamwana wake, kisha akamtazama mtoto, akaendelea kuishika chupa mpaka ikaisha.

Ni kweli alikuwa anadeki. Miaka ishirini na miwili alisukuma ndoo na dekio chini ya vitanda vya watoto wagonjwa, na mimi nasema anayedeki wodi huona mengi kuliko daktari anayepita mara moja kwa siku na kundi la wanafunzi nyuma yake. Lakini nani anamuuliza mwenye dekio? Humwambia tu asogee wapite.

Tusimlaumu mkamwana haraka, hata hivyo. Alikuwa anamwacha mtoto wake saa kumi na moja na nusu alfajiri na kumrudia saa kumi na mbili jioni. Kitu alichobakiwa nacho cha umama kilikuwa hicho: kuiweka chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kuizungusha, kuitoa, kudondosha tone kwenye kifundo cha mkono, na kusema, "Vuguvugu. Njoo unywe." Angenyang'anywa na hilo, angekuwa nani pale ndani? Mpangaji anayelala na mtoto.

"Joto nalijua," alimwambia mumewe usiku wa ugomvi ule. "Miaka tisa nashika pasi. Mama yako anifundishe joto mimi?"

*

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika kiwanda cha kufulia nguo za mahoteli. Mashuka yalitoka kwenye mashine bado mabichi, yakatandazwa kwenye ubao mrefu, na pasi kubwa ya mvuke ikashushwa juu yake kwa mkono. Ukichelewa kuutoa mkono, unauacha. Kila mpiga pasi mle alikuwa na alama zake, na wageni walionyeshwa alama hizo siku ya kwanza kama onyo, wakacheka, wakapata za kwao kabla ya mwisho wa mwezi.

Siku hiyo ya nne alifika amechelewa. Msimamizi, mwanamume mfupi waliyemwita Kengele kwa sababu sauti yake ililia kabla ya kengele yenyewe, alikuwa amesimama kando ya ubao wake akiangalia saa.

"Mama Bosi! Dakika kumi na mbili. Au siku hizi unachelewa kwa cheo?"

Wenzake wakacheka. Naye akacheka kidogo, maana asiyecheka na Kengele hutafutiwa kosa.

"Samahani. Mtoto hali."

"Wa kwangu naye hali mboga. Nimekuja saa kumi na mbili kasoro."

Wakacheka tena. Akaishika pasi, akaanza. Alipiga mashuka kumi, ishirini, bila kuyaona. Mvuke ulimpanda usoni. Aliwaza mdomo wa mtoto uliokazwa, akawaza ile chupa yenye kifuniko cheupe, na kadiri alivyowaza ndivyo hasira yake ilivyopata mahali pa kukaa. Mtoto alikuwa anakula vizuri kabla bibi hajaja. Bibi amekuja na maziwa yake ya kupoa, mtoto ameharibika. Hesabu ilikuwa rahisi mno, na hakuitilia shaka.

Kabla ya mapumziko alijikaza akamfuata Kengele.

"Naomba kesho asubuhi nimpeleke mtoto kliniki."

"Kesho tuna mashuka mia sita."

"Nitarudi kabla ya saa saba."

Kengele akajikuna shingo, akataka watu wasikie. "Saa saba kamili uwe kwenye ubao. Ikipita, usijisumbue nauli. Pale getini wako wanaoniomba nafasi yako kila asubuhi, na hawana watoto."

"Asante," alisema. Hakujua anashukuru nini, lakini neno lilikuwa limeshamtoka, akarudi kwenye pasi yake akiwa na aibu.

*

Jioni alimkuta Bosi amelala mapajani mwa bibi, kinywa wazi kidogo, chupa ya kifuniko cheupe kando yao.

"Leo kanywa," alisema bibi kwa sauti ya chini. "Si nyingi. Kutoka hapa mpaka hapa." Akaonyesha kwa ukucha, upana wa vidole viwili. "Ananyonya kidogo, analia, ananyonya tena. Nadhani kinywa kinamsumbua. Nilitaka kumwangalia ndani, lakini taa yetu hii..."

"Kwako anakunywa?"

"Kidogo."

"Mbona kwangu hanywi hata tone?"

Bibi alikuwa na jibu, au nusu ya jibu, lakini tangu siku ile ya neno la kudeki alikuwa amejifunza kumeza. Alikuwa ameona jinsi mtoto anavyojikunja anapoiona chupa ya buluu, wakati ile nyeupe huisogelea kwanza ndipo alie. Angelisema hilo, lingekuwa shoka. Akaliacha.

Mama alimchukua mtoto. Bosi akafumbua macho, akamwona, akaanza kulia. Kwa mtu mwingine kingekuwa kilio tu. Yeye alihisi amepigwa kofi mbele ya mama mkwe wake.

Mumewe alipoingia, viatu vimelowa, kwa kuwa alikuwa dereva wa gari la kuuza maji, alikuta chakula kimefunikwa na mkewe amesimama.

"Kaa kwanza," alisema mume.

"Sikai. Mama yako amemzoesha mtoto maziwa ya baridi, sasa yangu anayakataa. Ananikataa mimi! Mtoto akiniona analia, baba Bosi. Mimi mama yake! Ama mama yako aende akapumzike kwake, ama mimi niache kazi nikae na mwanangu. Chagua."

"Ukiacha kazi kodi tutalipa na nini?"

"Basi umeshachagua."

Mume akashika kichwa. Kutwa alibeba maji, akirudi anakuta moto, na wala hakujua aumwagie upande upi. Mwishowe alikwenda ukumbini, yaani ile nafasi nyuma ya pazia ambako mama yake alilala, akachuchumaa.

"Mama, naona umechoka."

"Nimechoka na nini?"

"Na... mtoto. Kulea si mchezo. Ungekwenda nyumbani kidogo, upumzike. Kesho kuna basi la saa nane."

Bibi akaketi vizuri. Alikuwa amesikia kila neno lililosemwa upande wa pili wa pazia. Pazia si ukuta.

"Sawa, baba," alisema. "Nitapumzika." Akavuta begi lake kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo, akizinyoosha vizuri kwa kiganja ingawa zilikuwa tatu tu.

*

Kliniki ilikuwa na mabenchi sita na akina mama wa kujaza kumi na mawili. Zamu yake ilipofika, muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimweka Bosi kwenye mizani, akaangalia, akamtoa, akamweka tena.

"Mwezi uliopita kilo sita na robo. Leo tano na nusu. Mama, huyu mtoto anafunga?"

Wanawake wa benchi la mbele wakageuka. Mama Bosi akainamisha uso.

"Amekataa chupa. Siku ya tano leo."

Muuguzi akamlaza mtoto, akawasha tochi, akambana mashavu kwa vidole viwili. Bosi akalia, na kwa kulia akafungua mdomo vizuri. Muuguzi alitazama juu, akatazama ulimi, akazima tochi.

"Ameungua."

"Ameungua?"

"Kaakaa lote la juu. Kuna malengelenge yaliyopasuka, na mengine mapya juu ya ya zamani. Anaunguzwa kila siku. Nani anampashia maziwa?"

Hapo alisema jambo ambalo baadaye lilimchoma. Alisema, "Nyumbani yupo mama mkwe wangu."

Haikuwa uongo. Haikuwa jibu pia. Muuguzi akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeyasikia hayo mara nyingi, akaandika kwenye kadi, na mama Bosi alisikia ndani yake kitu kinachofanana na furaha. Kumbe! Kumbe bibi mwenyewe anapasha kisirisiri, kisha anajifanya mtaalamu wa maziwa ya kupoa. Aliuona uso wa mumewe atakapoisoma kadi. Hakufikiri kwamba mtoto alikuwa bado analia.

"Una chupa hapo?" aliuliza muuguzi. "Hebu mpe nione anavyonyonya."

Akatoa ile ya buluu. Mezani palikuwa na chupa ya chai ya wauguzi yenye maji ya moto. Akaomba, akamimina kwenye bakuli, akaitumbukiza chupa, akaizungusha kama alivyozoea, akangoja. Akaitoa, akaikung'uta, akadondosha matone mawili kwenye kifundo cha mkono. Akangoja tena, kwa kuwa alikuwa mwangalifu.

"Vuguvugu," alisema.

Bosi aliiona chupa, akajipinda mgongo, akapiga kelele mpaka sauti ikakatika.

"Ngoja. Lete hapa." Muuguzi akadondosha tone kwenye mkono wake mwenyewe. Akaruka. Akalifuta kwa gauni lake haraka. "Mama! Haya unataka kumpa mtoto au kukorogea chai?"

"Si ya moto..."

"Si ya moto? Nipe mkono wako."

Akautoa. Muuguzi akaugeuza, akausogeza dirishani. Pale ambapo watu wengine wana ngozi laini na mishipa myembamba, yeye alikuwa na makovu, moja juu ya jingine, yanayong'aa, magumu kama ukoko.

"Unafanya kazi gani?"

"Napiga pasi. Za mvuke."

"Tazama ukutani." Mama Bosi akatazama ukutani. Palikuwa na picha ya mtoto mnene anacheka. "Nakugusa na nini?"

"Bado hujanigusa."

Mama Bosi akageuka, akaona ncha ya kalamu imebonyea kwenye kovu, imeacha alama ya wino.

*

Muuguzi hakumgombeza, na ingekuwa afadhali angemgombeza. Alimpa dawa ya kupaka, akamwambia maziwa yakipoa ndiyo mazuri kwa kidonda, na kwa mtoto mzima pia hayana ubaya. "Akishapona, ukipenda kuyapasha, mwingine ayaonje kwa mkono wake." "Na kwa siku chache," alisema, "asikuone akipewa chupa. Watoto hawana akili ya kusamehe, wana ya kukumbuka tu. Atasahau. Ngoja."

Njiani alikwenda haraka, kisha polepole, kisha haraka. Kadi ilisema, "Ameungua kinywani kwa maziwa ya moto." Haikusema na nani. Basi lilikuwa la saa nane. Angenyamaza, bibi angeondoka na lawama yake ndani ya begi, yeye angeacha kupasha, mtoto angepona, na watu wangesema: mnaona, bibi kaondoka, mtoto kapona. Hakuna ambaye angejua. Mpango ulikuwa mzuri, na kila hatua aliyopiga ulizidi kuwa mzuri, mpaka akajiogopa.

Nyumbani mumewe alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku ili amsindikize mama yake. Begi lilikuwa mlangoni. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu.

Mume akapokea kadi, akasoma, akasoma tena. Uso ukambadilika.

"Ameungua? Mama." Alimgeukia bibi, na sauti yake ikapanda kwa namna ambayo haijawahi kupanda kwa mama yake. "Mama, umemfanya nini mtoto? Si ulisema hupashi?"

Bibi alimtazama mkamwana. Hakuwa anamshtaki, wala hakuwa anamsihi. Alikuwa anangoja tu, kama alivyongoja maisha yake yote watu wamalize kusema ndipo asogeze ndoo.

Mke alinyamaza. Kwa saa ya ukutani zilikuwa sekunde tano au sita. Mimi nazitaja kwa sababu yeye mwenyewe hajazisahau mpaka leo.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyemuunguza. Mkono wangu hausikii moto. Asubuhi na jioni, kila siku, nilimpa maziwa yanayounguza na nikamshika kichwa anywe." Akalia, kwa sauti, bila kujifunika uso. "Alikuwa analia na mimi nambana mashavu. Nisamehe, mama. Nilikwambia neno baya, na kliniki nikakutaja wewe."

Mume alikuwa bado ameishika kadi. Akakaa chini kwenye begi.

Bibi akainuka. Akavua viatu. Alimchukua Bosi kutoka mikononi mwa mama yake, akamweka begani, akampapasa mgongo.

"Nilijua kinywa kinamuuma," alisema. "Sikujua ni nini. Ningesema mapema, nami nilinuna. Tumemtesa sote wawili." Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe toka kwenye begi langu, utavunja vitu. Nitalifungua nikitaka mwenyewe, si kwa kuambiwa nimechoka au sijachoka."

Akachukua kopo na maji yaliyopoa, akakoroga. Bosi alikuwa anamtazama mama yake kwa macho makubwa, midomo imekazwa.

"Toka nje, mwanangu," bibi alimwambia mkamwana.

"Nikae pembeni tu. Sitasema kitu."

"Atakunusa. Toka. Na huko nje usilie kwa sauti, asikusikie."

Akatoka. Akavutiwa mlango nyuma yake, taratibu, na mkono wa mumewe. Alisimama kwenye ujia, bega ukutani, akiuma upindo wa kitambaa chake cha kichwa. Ndani mtoto alilia, akanyamaza, akalia tena. Bibi alikuwa anamwambia kitu asichokisikia. Kisha kukawa kimya, na ndani ya kimya kile akasikia sauti ndogo ya chuchu ya mpira ikivutwa, ikiachiwa, ikivutwa.

Mpangaji wa chumba cha tatu alipita na ndoo yake kutoka bombani, akamwona machozi yanamchuruzika.

"Vipi, Mama Bosi, umefungiwa nje ya kwako? Na kazini je, leo huendi? Saa saba hii inakaribia."

Aliweka kidole mdomoni kumwomba apunguze sauti.

"Naenda," alinong'ona. "Mtoto anakula."